Nasaba na Vinasaba

Ndugu msikilizaji. Nimekuita ndugu kwa mazoea tu, na mazoea hayo ndiyo yaliyonileta mbele ya kipaza sauti leo.

Kuna muuguzi mmoja wa kliniki ya watoto, mama wa makamo, aliyenisimulia kisa ambacho mpaka sasa hajui akicheke au akionee haya. Mbele yake walikaa mume na mke wamempakata mtoto mchanga. Mtoto wao wa kwanza alifariki kwa maradhi yasiyoeleweka, na huyu wa pili ameanza dalili zile zile. Muuguzi akafungua faili, akauliza kama karatasi ilivyomtaka aulize: "Ninyi wawili ni ndugu?" Yule mwanamke akavuta mtandio wake, akamkodolea macho. "Astaghfirullahi! Tuwe ndugu, halafu tuoane?" Muuguzi akaomba radhi, akaandika hapana. Wiki tatu baadaye akaja nao bibi kizee wa familia hiyo, mtu mcheshi, na wakiwa kwenye foleni akawa anajigamba kwamba kitukuu huyu ni wake mara mbili, maana baba wa mume na baba wa mke wote kawazaa yeye.

Hakuna aliyedanganya pale. Ndugu kwa Kiswahili ni aliyezaliwa nawe tumbo moja. Ndugu pia ni jamaa yeyote wa ukoo. Ndugu tena ni mwananchi mwenzako, tangu enzi zile kila mtu alipokuwa Ndugu Fulani, kuanzia karani wa kijiji hadi Rais. Neno pana namna hiyo likiingia kwenye faili la hospitali linageuka mtego. Muuguzi aliuliza ujamaa, mwanamke akasikia tumbo moja.

Utasema angeuliza, "Ninyi ni binamu?" yangekwisha. Wala yasingekwisha. Asili ya binamu ni Kiarabu, na huko maana yake ni mtoto wa kiume wa ami, yaani wa ndugu wa kiume wa baba. Mtoto wa shangazi ana jina lake, wa mjomba ana lake. Neno lilipovuka bahari likafika pwani yetu, likakuta watu ambao mtoto wa baba mkubwa na wa baba mdogo tayari anaitwa kaka au dada. Kiti kile kilikuwa na mtu. Likasogea, likakaa kwa watoto wa mjomba na shangazi, na huko ndiko wengi wetu tunakolitumia leo. Kwa hiyo yule ambaye Mwarabu anamwita kwa neno hili ndiye hasa ambaye Mbantu wa bara haingii akilini mwake kumwita hivyo. Muulize Mpare na Mshihiri maana ya binamu, kisha uwaache wabishane mpaka chai ipoe.

Ubishi huo si wa kamusi peke yake, kwa sababu maneno haya yalikuwa uzio wa ndoa. Kwa jamii nyingi za bara, ukimwita binti wa baba mdogo dada, umeshafunga mlango wa posa. Kwa koo nyingi za pwani na Oman, binti wa ami ndiye wa kwanza kutajwa posa ikizungumzwa, ili mahari yasiende mbali na shamba lisigawanywe kwa wageni. Uchunguzi kuhusu Oman uliochapishwa mwaka 2000 ulikuta zaidi ya nusu ya ndoa ni za watu wa ukoo mmoja, na karibu robo ya ndoa zote ni za watoto wa ndugu wawili.

Sasa tuingie ndani ya mwili, ambako hakuna mjomba wala ami.

Chukua doti ya kanga. Doti ni pande mbili. Mwili wako una doti kama 20,000 hivi, kila moja na kazi yake: hii inaelekeza rangi ya ngozi itengenezwe vipi, ile inaelekeza chembe ya damu ibebe hewa vipi, nyingine ini livunje sumu vipi. Katika kila doti, upande mmoja alikupa mama na wa pili alikupa baba. Upande mmoja ukiwa na tobo, wa pili unakusitiri, na unaishi, unaoa, unazeeka bila kujua. Kila mmoja wetu anatembea na matobo yake machache, mimi na wewe, sheikh na askofu. Balaa huja pale mtoto anapopokea pande mbili za doti moja zilizotoboka mahali pamoja. Huyo hana cha kumsitiri.

Haya, babu ana upande mmoja wenye tobo. Uwezekano wa kumpa mwanawe upande huo ni nusu, kama shilingi iliyorushwa hewani. Uwezekano wa upande huo kumfikia mjukuu ni robo. Wajukuu wawili, mmoja wa mtoto huyu na mmoja wa mtoto yule, wote wawili waupate: robo ya robo, yaani moja ya kumi na sita. Wakioana hao, na mtoto wao aupokee kutoka kwa baba na kutoka kwa mama, ni robo nyingine tena. Moja katika 64. Hilo ni tobo la upande mmoja tu wa babu. Lakini babu ana pande mbili, na bibi ana mbili, zote nne. Nne katika 64 ni moja katika 16. Hesabu yote ndiyo hiyo: watoto wa ndugu wawili wakioana, mtoto wao, kwa wastani, katika kila doti 16 atakuwa na moja ambayo pande zake mbili zimekatwa jora moja. Nyingi ya doti hizo hazina tobo lolote, kwa hiyo hazimdhuru. Lakini lile tobo ambalo babu alizikwa nalo bila mtu kulijua, hapa ndipo linapopata pacha wake.

Na ukiipitia tena hesabu hiyo utaona haina shangazi. Wazazi wawe watoto wa kaka wawili, wa dada wawili, au wa kaka na dada, jibu ni moja katika 16. Uzio wa Mpare na uzio wa Mshihiri, kila mmoja umepita katikati ya kitu ambacho mwili haujakigawa.

Nifike kwenye neno linalonifurahisha kuliko yote, neno vinasaba. Waliolitunga walikuwa na sikio. Walichukua nasaba, wakalivika kiambishi cha udogo, tukapata kinasaba, nasaba ndogo isiyoonekana kwa macho. Siku hizi hata mwuza mihogo analijua, kwa sababu ya kesi za watoto na vipimo vya vinasaba kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Ila sikiliza nasaba inavyosomwa katika hadhara: fulani bin fulani bin fulani, bin, bin, bin, hadi pumzi ikate. Umesikia jina la mwanamke hapo? Nasaba ni mlolongo wa wanaume. Tumelichukua neno lisilomhesabu mama tukakipa kitu ambacho mama ana nusu yake kamili.

Na kwa kweli mama ana zaidi ya nusu. Ndani ya chembe za mwili kuna vijitanuru vya nguvu, mitokondria, navyo vina vinasaba vyake, na hivyo mtoto hupewa na mama peke yake. Waluguru na Wamakonde, ambao huhesabu ukoo kwa upande wa mama, wangefurahi kusikia. Tena hata katika kile anachotoa baba, binti hupata kingi kuliko mwana wa kiume, kwa sababu kromosomu X anayompa binti ni kubwa kuliko Y anayompa mvulana. Mgawanyo huu usiupeleke kwenye kikao cha mirathi, watakutoa nje.

Kurithi nako kuna mtego wake. Katika mirathi tunazoea kwamba mtu hurithi kilichoonekana: nyumba, minazi, ng'ombe. Ndiyo maana mtoto akizaliwa na jambo ambalo halijawahi kuonekana kwa baba wala kwa babu, watu huuliza, "Hili kalitoa wapi? Kwetu halipo." Na swali hilo, msikilizaji, limevunja nyumba nyingi, kwa sababu jibu lake limezoea kumwangukia mama.

Tuchukue ualbino. Nchini Tanzania hukadiriwa kuwa mtu mmoja kati ya kila 1,400 hivi ana ualbino, kiwango kikubwa sana ukilinganisha na Ulaya au Marekani. Ni jambo la doti ile ile ya kanga: lazima pande mbili zitoboke, mmoja wa mama, mmoja wa baba. Sasa kutoka kwenye 1,400 unaweza kukokotoa wangapi wamebeba upande mmoja bila kujijua. Jibu ni kama mtu mmoja katika kila 19. Panda daladala saa ya watu kurudi kazini, yumo humo, pengine wamo wawili, weusi tii kama mimi. Wazazi hawahitaji undugu wowote ili wakutane. Mmakonde na Msukuma waliofahamiana mjini wanatosha. Kwa hiyo yule baba aliyemtimua mkewe kwa maneno machafu kwa sababu mtoto kazaliwa na ngozi nyeupe, nusu ya alichokikimbia alikitoa yeye. Asingekitoa, mtoto asingezaliwa hivyo.

Hapa wako wanaodakia: basi ualbino ni matokeo ya kuoana jamaa kwa jamaa. Taratibu. Watoto wa ndugu wawili wakioana, uwezekano wa kuzaa mtoto mwenye ualbino kwetu hupanda kutoka mmoja katika 1,400 hadi kama mmoja katika 430. Ni mara tatu, na mara tatu si kidogo. Lakini kwa kuwa wabebaji ni wengi, watoto walio wengi wanatoka kwa wazazi ambao hawajuani hata babu. Selimundu ndiyo zaidi. Tobo lile limejaa kwetu kwa sababu ya malaria. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba mwenye upande mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria. Kitu kilicholipa kimebaki na kuenea, na kuwalaumu binamu kwa selimundu ni kuwaonea.

Hesabu hugeuka kabisa ugonjwa ukiwa adimu. Tuseme ugonjwa unampata mtoto mmoja katika milioni. Wazazi wakiwa watoto wa ndugu wawili, inakuwa mmoja katika 16,000 hivi, yaani zaidi ya mara sitini. Kadiri ugonjwa unavyokuwa wa nadra ndivyo undugu wa wazazi unavyojitokeza, maana mtu anayebeba tobo la nadra ataonana wapi na mwenzake mwenye tobo lile lile, kama si kwenye karamu ya babu yao? Daktari mmoja wa London, Archibald Garrod, aliligundua hili kwa kuangalia mkojo. Kulikuwa na watu ambao mkojo wao ukikaa hewani hugeuka mweusi. Mwaka 1902 aliandika kwamba wagonjwa hao mara nyingi wazazi wao ni wazima lakini ni watoto wa ndugu. Kanuni za urithi ambazo Mendel alizipata kwa kuchunguza njegere zilikuwa zimefufuliwa miaka miwili tu nyuma, baada ya kusahauliwa tangu 1866, nazo zikaeleza kwa nini. Ugonjwa wa kwanza wa binadamu kuelezwa kwa kanuni za urithi ukaelezwa kupitia binamu.

Watu wa kale hawakuwa na kanga yangu hii, ila walikuwa na miiko. Na miiko yao haikuwa jedwali la vinasaba, tusijidanganye. Waganda hukataza mtu kuoa ndani ya ukoo wake, na wenye muziro mmoja, yaani ishara moja ya ukoo, hawaoani hata kama mmoja katokea Masaka na mwingine Mukono na babu yao wa pamoja hakumbukwi jina. Vinasaba vya watu hao huenda havina kipande hata kimoja walichorithi wote wawili kwa babu huyo. Katika Uislamu, ulionyonya nao ziwa moja ni ndugu zako na huwezi kuwaoa, ingawa maziwa hayabebi nasaba. Mtoto wa ami, ambaye ana sehemu moja ya nane ya vinasaba vyako, ni halali. Sheria za nchi nazo kila moja na njia yake. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inataja wazazi, watoto, ndugu, shangazi, wajomba na wapwa, na binamu hayumo. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 imemtia binamu kwenye orodha ya waliokatazwa, kisha ikasema katazo hilo haliwahusu Waislamu. Mwiko hulinda heshima ya nyumba, mali na amani ya watu wanaolala chini ya paa moja. Afya ya mtoto imepata ulinzi humo kama mpita njia anavyopata kivuli cha mwembe ambao hakuupanda.

Mwiko ukivunjwa mara moja, mara nyingi hakuonekani kitu. Shida ni ukigeuzwa desturi. Wafalme wa Hispania wa ukoo wa Habsburg waliozana wao kwa wao kwa karibu miaka 200, wasije wakagawana ufalme na wengine. Wa mwisho wao, Charles wa Pili, alizaliwa 1661. Baba yake alikuwa mjomba wa mama yake. Hebu mweke mtoto huyo Uswahilini umfundishe kuamkia. Bibi yake mzaa mama alikuwa shangazi yake, dada wa baba yake. Na baba mwenyewe, kwa kuwa ni mjomba wa mama, ni babu. Maneno yetu yanakwama, na mwili wake nao ulikwama: alichelewa kutembea, alichelewa kusema, taya lilimzidi hata kutafuna kukawa kazi, akafa 1700 bila mtoto, na Ulaya ikaingia vitani kugombea kiti chake. Wataalamu wa Hispania walichora ukoo wake wote, na mwaka 2009 wakatangaza kwamba robo nzima ya doti zake, na kidogo zaidi, zilikuwa za jora moja. Hiyo inazidi ya mtoto wa kaka na dada.

Wafugaji wetu wanalijua jambo hili bila kusoma habari za wafalme. Bibi shamba atakwambia: jogoo akishapanda mabinti zake, mbadilishane na jirani, beberu usimwache zizini mpaka awapande wajukuu. Usipofanya hivyo utaona mayai hayaanguliwi na wanambuzi wanadumaa. Hata simba wana mwiko, kwani dume akipevuka hufukuzwa kwenye kundi alilozaliwa akaoe mbali. Simba wa Kreta ya Ngorongoro walionja kinachotokea njia ikiziba. Mwaka 1962, baada ya mvua kubwa, nzi waumao waliwavamia, na simba kati ya 60 na 75 wakabaki kama kumi tu. Madume wachache waliingia kutoka nje miaka iliyofuata, kisha mlango ukafungika, kwa kuwa madume wa ndani walikuwa na nguvu za kumfukuza kila mgeni. Miaka ya 1980 watafiti waliwapima, wakakuta vinasaba vyao vimefanana mno na mbegu za madume zina kasoro nyingi kuliko za simba wa Serengeti, ambao wako jirani tu.

Na hapo kwenye mifugo nimekutana na neno lingine la ajabu, chotara. Mwite mtu chotara barazani, utatafuta pa kukimbilia. Nenda sokoni ukaulize kuku chotara, utatajiwa bei ya juu, kwa sababu anakua haraka, hafi ovyo na anataga. Ng'ombe chotara vivyo hivyo. Sifa ile ile, kwa kuku ni nyongeza ya bei na kwa mtu ni tusi.

Najua wako wasikilizaji walioolewa na watoto wa ami zao, wana watoto sita wazima, na sasa wananuna. Wasinune. Katika mji wa Bradford, Uingereza, wenye familia nyingi zenye asili ya Pakistan, watafiti walifuatilia watoto zaidi ya 11,000, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Kasoro za kuzaliwa nazo kwa watoto wa wazazi wasio na undugu zilikuwa kama tatu katika mia. Kwa watoto wa binamu, sita katika mia. Zimeongezeka maradufu, ndiyo. Lakini 94 kati ya mia wamezaliwa salama. Na utafiti huohuo uliona hatari ikipanda maradufu vilevile kwa akina mama Waingereza weupe waliozaa wakiwa wamevuka miaka 34, na sijasikia mtu akiwatungia mwiko. Anayepaswa kuwa na hofu ya kweli ni yule ambaye familia yao tayari imezika watoto wawili watatu kwa dalili zinazofanana, na bado wazee wanapanga posa ndani kwa ndani.

Kama wale wa kwa muuguzi wetu. Nilimuuliza, baada ya kisa kile, amebadilisha nini. Karatasi hawezi kuibadilisha, imechapwa hivyo. Ila neno ndugu halitamki tena, na binamu halitamki. Anamgeukia mume kwanza, anamwuliza taratibu, kama wanaopiga soga: "Babu yako mzaa baba anaitwa nani? Na mzaa mama?" Anaandika. Kisha anamgeukia mke, anamwuliza maneno yale yale, halafu anaweka kalamu chini na kungoja asikie kama kuna jina litakalojirudia.